Maswali ya Wasomaji: Dainasti, Nasaba na Dola, Nani Ndugu wa Nani?

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mimi niko na kinyozi hapa Kayole na unajua kwa kinyozi stori ni siasa asubuhi mpaka jioni. Tangu kampeni za 2022 neno dainasti halijatoka midomoni mwa watu, huyu ni dainasti, yule ni mtoto wa dainasti, sasa juzi mzee mmoja nikimnyoa akaniuliza, kijana, hilo neno kwa Kiswahili ni nini, nikakwama na mashine mkononi. Mmoja kwenye benchi akasema ni ufalme, mwingine akasema hapana ni ukoo, wa tatu akasema ni matajiri tu basi, kelele ikawa nyingi hadi jirani wa M-Pesa akaja kuangalia kuna nini. Tuambie maana yake na lilitoka wapi, na hao watu wa Pwani walioishi chini ya masultani walikuwa wanasemaje. – Kinyozi, Kayole

JIBU: Ndugu yangu wa Kayole, swali lako limekaa mezani kwangu wiki nzima na kila nikilishika linazidi kunona. Jibu fupi la kupelekea wateja leo leo ni hili: neno la Kiswahili lililo karibu zaidi ni nasaba, na ili usieleweke vibaya sema nasaba ya watawala ama nasaba ya kifalme. Lakini yule wa ukoo hakukosea sana, wa ufalme naye alishika kipande chake, na hata yule wa matajiri, utaona mwenyewe, yeye ndiye aliyekaribia kabisa mzizi wa neno bila kujua. Wamevutana juu neno hilo la Kizungu siku hizi limebeba mizigo miwili, nguvu na damu, na zamani lilikuwa limebeba mmoja tu.

Chimbuko ni Kigiriki cha zamani. Wagiriki walikuwa na kitenzi dynamai, maana yake naweza, hivyo tu, naweza kuinua, naweza kufanya. Kutoka hapo wakapata dynastes, mwenye kuweza, na dynasteia, ule uwezo wenyewe wa kuwashika wengine. Wale mliopanda zile baiskeli nyeusi nzito mnakumbuka kile kichupa kidogo cha chuma kilichokuwa kinasugua tairi usiku, ukikanyaga polepole taa inafifia, ukiteremka mlima taa inawaka unaona hadi mawe ya mbele. Hiyo ni dainamo, na dainamo na dainasti wametoka tumbo moja. Dainamaiti ya kupasua mawe kwa machimbo pia ni ndugu yao, hilo jina alilitoa Alfred Nobel mwaka 1867. Wote watatu wanaongea kitu kimoja, nguvu. Na hapa Nairobi tukisema fulani ni mtu wa uwezo kila mtu anaelewa, ana pesa, ana watu, akipiga simu mlango unafunguka. Basi ukitaka kutafsiri dynastes neno kwa neno, ni huyo, mtu wa uwezo. Hakuna baba wala babu ndani yake.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko ndani ya Biblia, na wengi wenu mmeupita mara nyingi bila kuuona. Kwenye Agano Jipya la Kigiriki neno dynastes liko mahali 3. Kwa Luka, kwenye wimbo wa Mariamu, Mungu anawaangusha hao madynastes, na Biblia yetu ya Kiswahili imewaita wakuu, wakaangushwa kutoka viti vyao vya enzi. Kwa barua ya kwanza ya Timotheo neno ni la Mungu mwenyewe, na Kiswahili kikasema Mwenye uweza peke yake, tafsiri nzuri sana hiyo, imeingia kwenye mzizi moja kwa moja. La tatu liko kwa Matendo ya Mitume, yule mtu wa Kushi aliyekuwa kwenye gari lake njia ya kushuka Gaza akisoma Isaya, Filipo akamkuta. Kiswahili kinamwita mwenye mamlaka chini ya Kandake malkia wa Wakushi, Kigiriki kinamwita dynastes. Sasa simama hapo kidogo. Mtu huyo alikuwa towashi. Hana mtoto, hatapata mtoto, hana wa kumwachia kiti, na bado ni dynastes wa haki. Kama neno hilo lingekuwa na maana ya familia wakati ule, huyo angekuwa mtu wa mwisho duniani kuitwa hivyo.

Sasa familia iliingiaje? Iliingia polepole kupitia orodha za wafalme, na orodha iliyofanya kazi kubwa ni ya Misri. Kulikuwa na kuhani wa Kimisri anaitwa Manetho, aliishi karne ya 3 kabla ya Kristo, wakati Misri iko chini ya watawala Wagiriki, akaandika historia ya nchi yake kwa Kigiriki ili wageni waielewe na akawapanga wafalme kwa mafungu 30. Kila fungu likaitwa dynasteia, na mpaka leo wataalamu wa Misri wanahesabu kwa mafungu hayo, ya 4 waliojenga mapiramidi ya Giza, ya 18 ya Tutankhamun, namna hiyo. Kwa sababu mara nyingi fungu moja lilikuwa baba, mtoto, mjukuu, watu wakazoea kuona dynasteia na familia kama kitu kimoja. Lakini angalia Ahmose, yule anayeanza fungu la 18. Kamose aliyemtangulia amewekwa mwisho wa fungu la 17 na wote wawili ni wa nyumba moja, wengi wanasema ni ndugu kabisa. Kilichobadilika hapo ni nchi, wavamizi wa kaskazini walifukuzwa, Misri ikawa moja tena, ukurasa ukafunguliwa mpya. Damu ilikuwa ile ile. Kwa hiyo hata kwenye orodha iliyolifanya neno liwe maarufu, nguvu ndiyo iliyokata mpaka.

Kando kidogo juu ya matamshi, manake kuna mtu ataandika kuuliza: Waingereza husema dinasti, Wamarekani husema dainasti, sisi tumechukua la Wamarekani na limeshakaa, hakuna haja ya kumsahihisha mtu.

Turudi nyumbani. Nasaba sisi tulilipata kwa Kiarabu, nasab, na lenyewe ni damu tupu, ni ule mnyororo wa nani alimzaa nani. Mwaka jana nilienda Pumwani, Majengo, kumwona bibi mmoja mzaliwa wa Lamu ambaye ameishi Nairobi tangu msichana. Nikamwamkia shikamoo, tukanywa chai ya tangawizi, nikamwuliza hili hili swali la nasaba. Hakujibu, aliinuka akafungua kasha, akatoa karatasi iliyokunjwa mara 4, mikunjo imeshaanza kukatika, maandishi ya Kiarabu kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia. Jina la marehemu mumewe, halafu bin, halafu bin, halafu bin, nikafuata na kidole nikahesabu bin 11. Akaniambia mwanangu, hii ndiyo nasaba. Nikamwuliza na yako bibi iko wapi, akagusa kipaji cha uso akasema yangu sikuandikiwa, iko hapa, akanitajia mama, mama wa mama, mpaka kwa bibi mmoja aliyekufa Pate, bila kukwama hata mahali pamoja. Hakuna mfalme kwenye karatasi ile. Kulikuwa na nahodha na mwalimu wa chuo. Ndiyo maana nasema ukitaka kusema watawala lazima uongeze, nasaba ya watawala, juu nasaba peke yake kila mtu anayo, mimi ninayo, wewe kinyozi unayo, na mama mboga aliye nje ya duka lako anayo.

Bibi huyo pia alinipa neno jingine ambalo huku bara tumelisahau, mlango. Yeye haulizi wewe ni wa ukoo gani, anauliza wewe ni wa mlango gani, yaani ndani ya ukoo mkubwa ni nyumba ipi iliyokutoa. Ni picha nzuri sana, ukoo ni jumba na kila tawi lina mlango wake wa kuingilia. Na Mombasa kuna taifa. Wenyeji wa Mombasa wana Thenashara Taifa, mataifa 12, yaliyogawika Tisa Taifa na Tatu Taifa, na taifa hapo ni kabila la mji lenye koo zake, halafu leo sisi tunasema taifa la Kenya. Neno lilikua na watu wake.

Watawala wa Pwani basi waliitwa kwa majina ya nyumba zao. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, waliyempa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa venye alivyokuwa mkarimu, na nyumba yake historia inaiita ya Mahdali. Pate walikuwa Wanabahani, ambao baadaye walihamia Witu, na huko Witu sultani wao Ahmed akajulikana kama Simba. Mombasa walikuwa Wamazrui mpaka 1837, Seyyid Said, mtawala wa Oman wa nyumba ya Busaidi, alipouchukua mji. Na Unguja walikuwa Wabusaidi mpaka mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Ukimwuliza mzee wa Pwani habari za miaka hiyo atakwambia enzi za Wamazrui, enzi za Barghash sultani wa Unguja, na hili neno enzi ndilo ninalotaka ulishike vizuri, juu ndilo lililopita njia moja na la Mgiriki. Kwa Kiarabu ni izz, nguvu yenye heshima. Kwetu likabaki nguvu kwenye kiti cha enzi na kwenye Mwenyezi, ambaye ni mwenye enzi, na hapo hapo likawa pia wakati, enzi za Mzee Jomo, enzi za Moi. Nguvu ikageuka kuwa muda ambao nguvu hiyo ilidumu. Sultani naye ni vivyo hivyo, kwa Kiarabu cha kwanza kabisa sultan haikuwa mtu, ilikuwa ni mamlaka ama hoja yenye nguvu, mtu alikuja kulivaa baadaye.

Na si sisi tu tuliohesabu kwa enzi. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamefukua sarafu ya Kichina kisiwani Manda, jirani na Lamu, kisahani kidogo chenye tundu la mraba katikati, la kupitishia kamba ili mfanyabiashara azibebe nyingi pamoja. Juu yake kuna jina Yongle. Yongle ni jina la enzi ya mfalme aliyetawala China mwaka 1402 mpaka 1424, ndiye aliyeletewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Jina la ukoo wake lilikuwa Zhu na kwenye sarafu halipo. Hata Ming, jina ambalo ulimwengu mzima unaita nasaba hiyo iliyotawala tangu 1368 mpaka 1644, maana yake ni mwangaza. Kwa hiyo yule mteja wako aliyesema ukoo mwulize, mbona hao Wachina wenyewe hawakutaja ukoo?

SWALI: Sawa, lakini hapa Kenya hatuna mfalme. Je, ni haki kuita familia ya mwanasiasa dainasti ama ni matusi tu ya kampeni? Mimi nasukuma matatu ya Rongai na abiria wangu wamegawanyika. – Dereva, Ongata Rongai

JIBU: Ndugu dereva, matumizi hayo si ya Kenya peke yake. India baba Jawaharlal Nehru alikuwa waziri mkuu tangu 1947 mpaka 1964, binti yake Indira Gandhi akafuata baada ya muda mfupi, mtoto wa Indira, Rajiv, akafuata 1984, na wote walipita kwa kura. Marekani George Bush baba aliingia 1989, mtoto 2001. Hapa kwetu Jomo Kenyatta alikuwa rais mpaka alipofariki 1978 na mtoto wake Uhuru akawa rais 2013 mpaka 2022, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa makamu wa kwanza wa rais na mtoto wake Raila akawa waziri mkuu 2008 mpaka 2013, na Gideon, mtoto wa rais Moi, akawa seneta wa Baringo. Kura ilipigwa, hakuna aliyevishwa taji, lakini jina lilikuwa limeshatangulia kufika kwenye karatasi ya kura kabla ya mwenyewe. Kitu hicho kipo na kinahitaji jina, na mimi ningekiita nasaba ya kisiasa.

Ninachokataa ni ile namna ya kusema watu wa nasaba kana kwamba wengine wote wameokotwa barabarani. Hapo nakuwa mkali kidogo, unisamehe. Kampeni ile ya 2022 iliweka mahasla, yaani watu wa kujitafutia, upande mmoja na madainasti upande mwingine, na kwa Kiswahili ukisema hawa wana nasaba na wale hawana umemwambia mtu kwamba babu zake hawahesabiki. Yule bibi wa Majengo angekufukuza nyumbani kwake. Na ukirudi kwa Mgiriki, mtu wa uwezo anaweza kuwa wa kwanza kwao kushika madaraka, hajarithi kitu, na bado ni dynastes kamili. Kwa hiyo abiria wakibishana waulize kwanza wanalalamikia nini, kwamba jamaa amerithi ama kwamba jamaa ana nguvu kuliko inavyofaa, manake hayo ni malalamiko mawili na kila moja lina dawa yake.

SWALI: Mimi nasoma sheria na kwenye magazeti naona vyombo vya dola, halafu nje ya duka la kubadilisha pesa mjini naona dola ya Marekani. Je, ni neno moja? Mwenzangu anasema nchi inaitwa dola juu nchi ni pesa. – Mwanafunzi, Parklands

JIBU: Dada ama kaka, mwenzako ana maneno matamu lakini amekosa. Hayo ni maneno 2 yaliyotoka pande 2 za dunia yakakutana kwenye mdomo wa Mswahili, na la ajabu ni kwamba yote mawili yamepitia mikononi mwa nasaba za watawala.

Dola ya nchi ni Kiarabu, dawla, na mzizi wake ni kugeuka, kupokezana zamu. Waislamu mnaosoma Aal Imran aya ya 140 mnalijua, siku hizo Mungu anazizungusha baina ya watu, leo kwa huyu kesho kwa yule, kitenzi cha pale ni cha mzizi huo huo. Mwaka 750 Bani Abbas walipowaondoa Bani Umayya, ambao walikuwa wameshika ukhalifa tangu 661, neno hilo likashikamana na wao, ilikuwa ndiyo dawla yao, zamu yao imefika. Zamu ikadumu, mtoto akarithi, mjukuu akarithi, na dawla ikawa maana yake ni utawala wa nyumba fulani. Halafu baadaye ikawa nchi yenyewe na vyombo vyake, na ndipo sisi tulipoipokea. Fikiria safari hiyo, neno lililoanza likisema zamu yako itapita likaishia kuwa jina la kitu tunachodhani hakipiti. Na hata hiyo dawla haikudai damu kila mara. Misri tangu 1250 mpaka 1517 ilitawaliwa na Wamamluki, watu waliokuwa wamenunuliwa utotoni kama watumwa wakafundishwa vita, wengi wao hawakurithi kwa baba, na wenyewe wakaita utawala wao dola ya Waturuki.

Ibn Khaldun wa Tunis, ambaye aliandika mwaka 1377, alijaribu kupima urefu wa zamu hiyo. Alisema dola mara nyingi huishi vizazi 3, kila kizazi miaka 40, jumla 120, kizazi cha kwanza kimetoka jangwani kikavu na kimeshikana, cha pili kimeona kwa baba lakini kimeanza kukaa kwenye mito, cha tatu kimesahau kabisa kwamba kuna jangwa. Nilichukua kalamu nikawapima Wabusaidi wa Unguja, ukianza 1840, mwaka ambao wengi huutaja kwamba Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja, mpaka 1964 ni miaka 124. Nilishtuka kidogo. Lakini nyumba hiyo hiyo huko Oman ilianza kutawala karne ya 18 na inatawala hadi leo, kwa hiyo hesabu ya mzee inafanya kazi Unguja na inagoma Muscat.

Dola ya pesa sasa. Hiyo ilizaliwa bondeni. Huko Bohemia, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, kulikuwa na machimbo ya fedha mahali panaitwa Joachimsthal, na thal kwa Kijerumani ni bonde. Kuanzia mwaka 1520 hivi sarafu za fedha za huko zikaitwa Joachimsthaler, watu wakachoka na urefu wakasema thaler, Waholanzi wakasema daler, Waingereza wakasema dollar, sisi dola. Na thaler moja iliwahi kufika kwetu kabla ya pesa ya Marekani haijawa na habari na Afrika Mashariki, ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa nasaba ya Habsburg ya Austria, aliyefariki 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani zetu waliiamini sarafu hiyo hadi walioipiga chapa wakaogopa kubadilisha hata tarehe, ikaendelea kutengenezwa karne nzima na zaidi baada ya kifo chake, kila moja imeandikwa 1780.

Bibi wa Majengo anayo moja. Imetobolewa juu na kutiwa mkufu, ni kubwa imejaa kiganja, nzito, upande mmoja mwanamke mnene wa uso aliyefunika kichwa na utaji, shingo na bega vimeshalainika kwa kuvaliwa kifuani na mama yake na mama wa mama yake. Nilimwuliza anamjua huyo mwanamke ni nani, akasema hapana, ila hajawahi kupungua uzito.

SWALI: Hizi nasaba zote mbona ni za wanaume? Bin, bin, bin. Kuna mahali ambapo damu ya mama ndiyo inahesabika kwa utawala? – Mama wa watoto wawili, Umoja

JIBU: Mama, kuna, na si lazima uende mbali. Buganda kila mtu anafuata ukoo wa baba na kila ukoo una mnyama ama kitu chake wasichokila, lakini kwa Kabaka, yaani mfalme wao, mambo yanageuka, watoto wa kifalme wanahesabiwa kwenye ukoo wa mama. Maana yake hakuna ukoo mmoja unaoweza kusema kiti ni chetu milele, leo Kabaka ni mpwa wa hawa, kesho ni mpwa wa wale, na kila ukoo ulikuwa na hamu ya kuoza binti kwenye kasri. Falme za Uganda zilifutwa 1967 na Kabaka Mutebi akatawazwa 1993, kwa hiyo hii si stori ya zamani, iko hai.

Hapa Kenya, Wanga, ule ufalme wa magharibi, hawakufanya hivyo. Nabongo, yaani mfalme wao, lazima atoke kwa ukoo wa Abashitsetse, upande wa baba, na Nabongo Mumia, ambaye mji wa Mumias umebeba jina lake, alitoka huko, akaishi mpaka 1949. Mombasa nayo masimulizi ya wenyeji yanaanza na mwanamke, Mwana Mkisi, kabla ya Shehe Mvita. Na usimsahau yule Kandake wa Matendo ya Mitume, hilo halikuwa jina lake, kilikuwa cheo cha malkia wa Kushi, na yule mwenye mamlaka niliyemtaja juu alikuwa mtu wake wa hazina.

SWALI: Haraka tu. Nasaba na bahati nasibu ni ndugu? Juu mtu kuzaliwa kwa mfalme si ni bahati nasibu? – Muuza magazeti, Tom Mboya

JIBU: Kwa sikio la Kiswahili ni ndugu, kwa Kiarabu si ndugu. Nasaba imeandikwa kwa herufi sin, nasibu imetoka kwa nasib, fungu lako ulilopangiwa, na hiyo imeandikwa kwa sad, sauti nzito ambayo sisi tuliifanya nyepesi na maneno yakafanana. Ndugu wa kweli wa nasaba ni mnasaba, uhusiano, na kunasibisha, yaani kumhusisha mtu na kitu. Kwa hiyo ukiandika jina la baba kwenye fomu unajinasibisha, na ukinunua tikiti ya bahati nasibu hapo pembeni ya kibanda chako, hilo ni neno jingine.